Emejensi ya hospitali moja Dodoma: manesi safi, majibu ya maabara yanachelewa mno

Nawapa nyota tatu kati ya tano, na mbili zilizopungua zote ni za maabara. Jina la hospitali naliacha, ila ni kubwa na ipo hapa hapa Dodoma mjini.

Mapokezi hayana shida. Baba mdogo ana kisukari na alikuwa anatapika tangu usiku kule Nzuguni, tulivyoshuka tu kwenye bajaji wakaja na kiti cha magurudumu, presha ikapimwa, akatobolewa kidole na jibu la sukari likatoka hapo hapo hata bima sijamaliza kuandikisha. Kipimo cha haraka cha malaria nacho dakika 15 hadi 20 hivi, hana. Na manesi wana heshima jamani, mzee anapewa shikamoo kwanza ndo anachomwa sindano.

Kasheshe ilianza kwenye damu ya kupima figo na chumvi za mwilini. Najua damu ya kipimo hicho inaachwa igande kama nusu saa, halafu inazungushwa kwenye mashine kama dakika 10 ndo inapimwa, hapo sina ugomvi. Ila vichupa vya mfuniko mwekundu nimeviona kwa macho yangu vimesimama kwenye trei juu ya meza ya manesi vinasubiri mtu wa kuvipeleka, maabara iko jengo lingine na mbebaji ni mmoja anasubiri vijae ndo aende, kufika huko simu inapigwa eti damu imeharibika, chembe zimepasuka, na chembe zikipasuka zinamwaga potasiamu, moja ya hizo chumvi, nje kwa hiyo jibu linapanda kwa uongo. Mzee akatolewa damu upya, tukaanza moja.

Daktari simlaumu, alikuwa anachungulia kompyuta kila saa, akamwambia, "Mzee wangu, siwezi kukuruhusu wala kukupeleka wodini mpaka nione figo na potasiamu." Yuko sahihi kabisa, potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Lakini ndo hivyo, drip imeisha, mzee anaongea na anaulizia uji, kitanda amekikalia anasubiri majibu tu, na nje kwenye benchi kuna mama kampakata mtoto ana homa kali anaambiwa vitanda vimejaa. Hili ndo limeniuma kuliko yote. Halafu majibu yalivyotoka yakakaa tu kwenye mfumo, zamu ilikuwa imebadilika na daktari mpya hana habari mpaka nilivyoenda kuuliza.

Uongozi, mashine kubwa mnazo, kipimo cha picha ya damu, kile cha kuhesabu chembe za damu, mashine inakisoma kwa dakika moja hivi. Wekeni mbebaji wa emejensi peke yake masaa 24, sampuli za emejensi ziwekwe alama ziingie kwanza, na jibu la hatari lipigiwe simu kwa daktari. Na vipo vimashine vya kushika mkononi vinavyopima chumvi za damu kwa matone machache, dakika chache tu, kitandani kwa mgonjwa. Hata kimoja kingesaidia.

Mzee yuko nyumbani, figo salama, alikuwa amepungukiwa maji. Mnaoenda, tajeni mapema dawa zote za mgonjwa ili vipimo viandikwe kwa pamoja damu iende mara moja, na zamu ikikaribia kubadilika muulizeni daktari anayeondoka majibu gani bado na nani anayafuatilia.