Kutungiwa sheria ili uingie polisi Massachusetts: inafanya kazi, ila foleni yake ndefu

Kwa anayeishi Lowell au Worcester, anautaka upolisi na umri umeshamtupa mkono, njia ipo: Bunge la jimbo la Massachusetts hutunga sheria ya kumwondolea mtu mmoja ukomo wa umri, jina lake likiwa ndani. Kama huduma ya umma, nyota 3 kati ya 5.

Kwanza hakikisha unaihitaji. Kifungu cha 58A, sura ya 31 ya sheria za jimbo, kinamzuia aliyetimiza miaka 32 siku ya mtihani wa kuingia, si siku ya kuajiriwa. Ukifanya mtihani una miaka 31 na miezi 11, huna haja ya sheria yoyote. Tena kifungu hicho kinabana pale tu mji wenyewe ulipokikubali. Aliyetumikia jeshi huongezewa miaka ya utumishi wake, mwisho 4. Hata aliyekaa jeshini miaka 6, ukomo wake ni 36.

Mahakamani usipoteze nauli. Sheria ya shirikisho ya 1967 dhidi ya ubaguzi wa umri inawalinda wenye miaka 40 na kuendelea, na tangu 1996 inaruhusu majimbo na miji kuweka ukomo wa umri kwa polisi na zimamoto.

Kazi inaanzia nyumbani. Mjini, baraza la madiwani lipige kura, na penye meya mwenye mamlaka ya utendaji, naye aridhie. Penye mkutano mkuu wa mji badala ya baraza, mkutano ndio upitishe. Barua ya mkuu wa polisi inasaidia, lakini haichukui nafasi ya kura hiyo. Kisha mbunge wako anawasilisha muswada, unapita kamatini na katika mabaraza yote mawili, halafu gavana ana siku 10 za kuamua.

Rasimu isome neno kwa neno kabla haijaondoka mjini. Jina liwe vilevile kama kwenye fomu ya mtihani. Jina la babu likiwa huku na kule halipo, ni usumbufu wa bure. Angalia pia mstari wa mwisho: useme sheria inaanza kutumika mara ipitishwapo, la sivyo utaisubiri hata baada ya gavana kusaini.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya muda. Bunge hukaa kipindi cha miaka 2, na muswada usiopita ndani yake hufa, unaanza upya. Vikao rasmi vya mwaka wa pili kwa kawaida hukoma 31 Julai; katika vikao visivyo rasmi vinavyofuata, mbunge mmoja akipinga, muswada umekwama. Huku nyuma orodha ya waliofaulu nayo ina tarehe yake ya kuisha.

Nyingine ni kwa sababu hakuna vigezo: mji huu wanakubali, wa jirani wanakataa, na wote wako ndani ya haki yao.

Na ukiipata, imekuondolea umri tu. Alama zako ni zilezile, vipimo vya afya na mazoezi viko palepale, na ukihamia mji mwingine sheria hiyo haikufuati.