Bunduki nyepesi ya risasi moja: mtutu safi, kichomoa ganda cha hovyo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Duka sitalitaja, wala kiwanda. Ninachotaka ni kwamba yeyote anayefikiria kununua bunduki nyepesi ya kuvunja, ile ya risasi moja ambayo mtutu unainama ukitaka kuweka risasi, ajue cha kukagua kabla hajatoa hela yake. Si mti wa kitako, si darubini. Ni kichomoa ganda.

Ukivunja bunduki ya namna hii, kile kipande cha chuma kilicho pembeni mwa chemba, yaani tundu risasi inapokaa, kinajitokeza kidogo, milimita chache tu, kikiwa kimelibeba ganda la risasi. Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote. Kwa risasi zenye ukingo, kama .303 ya Waingereza, .30-30 au 7x57R ya Wajerumani, kazi hiyo haina shida kabisa: ukingo umetokeza nje ya mwili wa ganda, kichomoa kinaukalia kwa chini kama kiganja kinavyobeba sahani. Hakina pa kuteleza. Lakini .308 na .30-06 hazina ukingo uliotokeza. Zilibuniwa kwa bunduki zenye magazini, kwa hiyo zina mfuo tu uliochongwa kuzunguka kitako cha ganda. Ili bunduki ya kuvunja izishike, kiwanda kinaweka kwenye kichomoa jino dogo lenye springi, nene kama njiti ya kiberiti, ambalo linatakiwa kurukia ndani ya mfuo huo risasi inapoingia.

Hapo ndipo nilipoliwa. Yangu ni ya .308. Tangu mwanzo wa kiangazi, ganda moja katika kila matano au sita linabaki ndani. Unavunja, kichomoa kinakuja peke yake, mikono mitupu, na ganda limetulia chemba. Kwenye bunduki ya magazini ungekuwa umeshapiga ya pili. Kwenye hii umesimama na gogo, na kama pongo umemjeruhi, anaingia bondeni na huna cha kumfanya. Mwindaji anayejali mnyama hawezi kuvumilia hilo.

Nilipolifungua jino na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, nilikuta ncha yake imelika upande mmoja, inang'aa kama shilingi mia iliyokaa mfukoni miaka. Nayo springi nyuma yake ilikuwa imekauka grisi nzito ya kiwandani, imechanganyika na vumbi jekundu kama la njia ya Chunya. Baridi ya huku juu, Makete, Njombe, Mufindi, inaifanya grisi ile kuwa kama nta. Jino likishazama ndani asubuhi yenye ukungu, halirudi nje. Jua likipanda linaanza kufanya kazi, halafu unadanganyika kwamba tatizo limekwisha.

Sasa nikairudisha dukani. Kijana akaishika, akaivunja mara mbili ikiwa tupu, akanirudishia. "Mzee wangu, hii bunduki haina neno. Wewe ndiye unavunja taratibu. Vunja kwa nguvu." Kwa nguvu! Ndugu zangu, kuvunja kwa nguvu ndiko kunakolifanya jino liruke juu ya mfuo na kulika zaidi. Nikamwonyesha ganda lenye mkwaruzo pale jino lilipoteleza. Hakulitazama hata. Nikaomba springi mpya, kitu kidogo kuliko punje ya harage, akasema labda niagize bunduki nyingine. Sikutukanwa, lakini afadhali ningetukanwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza ilikuwa: msinunue. Ila ngoja, maana si haki kuishia hapo.

Mtutu wa bunduki hii ni mzuri, na lazima niseme hivyo. Kwa kuwa haina ile sehemu ndefu ya nyuma ya bunduki ya bolti, ile ya komeo la kuvuta na kusukuma kwa mkono, mtutu wa sentimita 56 unabaki kwenye bunduki fupi isiyofika mita moja. Kwenye vichaka vya mianzi na mabonde ya Uporoto huo ufupi unauona faida yake kila hatua. Inatengana vipande viwili, inaingia mkobani. Na ukiwa umeivunja, kila mtu kwenye msafara anaona kwa macho yake kwamba chemba ni tupu. Risasi tatu za mtutu baridi, ukiziachia dakika kumi kila moja, zinakaa pamoja. Ukizipiga harakaharaka ya tatu inahama, kwa sababu mtutu mwembamba ukipata moto unajipinda. Hilo si kosa la bunduki, ndivyo wepesi ulivyo.

Wepesi una bei yake nyingine begani. Kwa .308 ya risasi ya greini 150 (kama gramu 9.7), bunduki ya kilo 2.7 pamoja na darubini inakurudisha kwa takribani juli 26 za nishati ya teke. Ya kilo 3.6 inakurudisha kwa juli 19. Ndiyo maana darubini iwe na nafasi ya sentimita 9 au zaidi kati ya kioo na jicho, la sivyo utachanika nyusi. Na kama ni ya nyundo ya nje, hakikisha kuna kipandikizi cha pembeni cha nyundo, kwa sababu darubini ikikaa chini kidole gumba hakifiki.

Dukani fanya hivi. Funga bunduki tupu, shika kitako, utikise mtutu kushoto na kulia; ukisikia hata mchezo mdogo kwenye bawaba, iache. Weka kipande cha karatasi ya kawaida ya kuandikia kati ya mtutu na ukuta wa nyuma unaoziba chemba, funga, kisha vuta: inatakiwa ing'ang'anie. Kaza skrubu ya mti wa mbele, ule ulio chini ya mtutu, kwa nguvu ileile kila unapoifunga, maana ikilegea shabaha inahama, na ukipumzisha bunduki, mkono uwe kati ya ule mti na jiwe. Halafu, na hili usikubali kunyimwa, omba ganda tupu la kaliba hiyohiyo, lisukume chembani, uivunje bunduki mara ishirini. Taratibu. Mara ishirini zote litoke. Likibaki hata mara moja, rudisha hela mfukoni. Mimi sikufanya hivyo, na ndiyo gharama ya somo hili. Lakini ujue pia kwamba ganda ambalo halijalipuliwa humo kwa kawaida linatoka kirahisi. La moto linavimba na kubana chemba, kwa hiyo litazame kwa kioo cha kukuzia: ukiona pete au mikwaruzo mwilini mwa ganda baada ya kupiga, chemba haikulainishwa vizuri. Usimruhusu fundi yeyote aipige msasa. Wala usipake mafuta chembani ili ganda liteleze. Ganda lenye mafuta halishiki kuta, linasukuma ukuta wa nyuma na bawaba kwa nguvu isiyokusudiwa.

Dawa ninayotumia sasa: grisi nzito yote nimeiosha, jino na springi zimebaki na tone moja la mafuta mepesi lililofutwa kwa kitambaa. Maganda yanayokwama yamepungua sana, sasa ni moja katika ishirini hivi. Mfukoni nabeba kipande cha shaba ya njano, kipenyo milimita 6, urefu sentimita 20, ncha zimelainishwa. Bunduki ikiwa imevunjwa, unakidondosha kutoka mdomo wa mtutu na uzito wake unalisukuma ganda. Kwa ganda tupu tu! Risasi nzima iliyokwama usiigongee kamwe, hiyo mpelekee fundi ikiwa imeelekezwa mahali salama.

Mnaouliza kwa nini sikuchukua ya risasi zenye ukingo: kwa sababu 7x57R na wenzake ni za kutafuta kwa tochi huku kwetu, wakati .308 na .30-06 bado zinapatikana. Na ukishaandikiwa kibali cha kaliba moja, kuigeuza si jambo la kesho asubuhi. Bado, mwenye njia ya uhakika ya kupata risasi zenye ukingo achukue hiyo, asisite hata dakika. Asiye nayo achukue .308, lakini jino alione kwa macho yake.

Nimeibadili hukumu mara mbili nikiandika hapa, na inawezekana nikaibadili tena springi ikipatikana. Bunduki naibakiza. Kwa lile duka nitarudi wiki hii na ganda lenye mkwaruzo, niliweke mezani, na safari hii kijana yule atalitazama.