Taa inawaka, kinga imekufa: uzoefu wangu na soketi ya USB niliyonunua Kariakoo

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Kama uko mbioni kununua kile kisoketi cha kuchomeka ukutani, chenye nafasi tatu za plagi, matundu mawili ya USB na kitaa cha kijani cha kukuhakikishia kuwa vifaa vyako vinalindwa, soma hapa kwanza. Jina la chapa silitaji, maana kifaa kilekile nimekikuta baadaye kwenye maduka mengine kwa majina tofauti na boksi la rangi nyingine. Mwenye duka pia simtaji. Lakini aliyonitendea nitayasema.

Nilikinunua kwa ajili ya TV. Mtaani kwetu Tabata, Dar es Salaam, umeme kukatika watu tumezoea. Tunachokiogopa ni ule unaporudi. Unarudi kwa kishindo, taa zinang'aa kupita kawaida, feni inavuma, halafu ndiyo mambo yanatulia. Jirani yangu aliunguza friji na redio kwa mpigo mmoja, akabaki anauza samaki wake kwa hasara siku ileile. Mimi TV nimeinunua kwa hela ya mchezo, na mama yangu mzazi, ambaye miguu haimruhusu tena kutoka nje, siku yake nzima iko kwenye ile TV. Nilitaka kitu cha kuilinda, kwa bei ya mtu wa kawaida. Na nilitaka kiwe na USB, kwa sababu nyumbani kwangu simu ni nyingi kuliko soketi, na zile chaja za kuchomeka zinabanana mpaka plagi ya king'amuzi inalegea.

Mwanzoni nilikisifia, lazima niwe mkweli. Kilikaa vizuri ukutani, hakikucheza. USB ilichaji taratibu, hasa simu mbili zikiwekwa pamoja, kwa kuwa matundu yote mawili yanagawana chanzo kimoja, hilo sikulinunia. Nilimwambia hata jirani yangu, huyohuyo wa friji, akanunue. Akanunua.

Usiku mmoja wa masika umeme ukakatika, ukarudi, na uliporudi nikasikia “tak!” ukutani. Swichi kubwa ikashuka. Nikaipandisha, kila kitu kikawaka: TV, king'amuzi, na kile kitaa cha kijani pale pale. Nikashukuru Mungu. Nikasema kweli hiki kifaa kimefanya kazi.

Wiki kadhaa baadaye umeme ukafanya vituko vyake tena. Safari hii hakukuwa na “tak.” TV ikazima kimya, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, king'amuzi nacho kikafa. Mama akaniuliza mbona nimezima kabla taarifa ya habari haijaisha. Nikageuka kuangalia ukutani. Kitaa cha kijani kinawaka. Kinawaka vizuri kabisa, hakitetemeki hata kidogo.

Nilimwita fundi wangu wa umeme, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi. Akakichomoa kisoketi, akakigeuza, akagonga mguu wa tatu kwa bisibisi, ule mrefu wa juu. “Mama, sikiliza,” akasema. Ulitoa mlio wa plastiki. Mguu wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ni plastiki tupu. Umewekwa ili ufungue vijilango vya soketi ya ukutani, basi, hakuna waya unaotoka pale kwenda popote. Maana yake kila kitu nilichokuwa nimechomeka pale kilikuwa hakina ethi, hata kama nyumba yangu inayo na nilimlipa fundi kuchimbia fimbo ya shaba wakati wa kujenga. Ungechomeka pasi ya chuma pale, fezi, yaani waya wenye umeme, ikagusa bati lake, umeme ungekupiga wewe mwenyewe.

Akakifungua. Ndani kulikuwa na masizi kwenye kifuniko, upande mmoja tu. Katikati ya masizi kulikuwa na kidonge bapa cha bluu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kina miguu miwili ya waya. Kimepasuka katikati, nusu moja nyeusi, na kipande kingine kimelala chini. Fundi akanieleza, na nimekuja kuthibitisha kwa kusoma: kile kidonge ndicho kinga yenyewe. Kimetengenezwa kwa oksidi ya zinki. Umeme ukiwa wa kawaida, ile volti 230 yetu, hakiruhusu kitu kupita. Volti zikiruka ghafla kwa sekunde ndogo sana, kinafungua njia na kuumeza ule mruko kabla haujafika kwenye TV. Kila kinapomeza, kinachakaa kidogo. Ukija mkubwa wa kukizidi, kinajifia. Hakuna kidonge cha milele, hata kwenye vifaa vya bei mbaya.

Kwa hiyo ile “tak” ya usiku ule ilikuwa ndiyo kifo chake. Kilikufa kikiilinda TV ya mama yangu. Hapo hata mimi nilinyamaza kidogo, maana nilikuwa nimeshajiandaa kusema kifaa ni takataka, na kumbe kazi yake ilifanyika.

Lakini fundi hakuwa amemaliza. Akafuata kwa ncha ya bisibisi nyaya mbili nyembamba za kile kitaa cha kijani. Moja inatoka kwenye fezi. Nyingine inatoka kwenye nyutro, waya wa kurudisha umeme. Kwenye kidonge hazikupita kabisa, hata kukisogelea. “Hii taa inakwambia umeme upo. Kinga ikiwepo, isipokuwepo, yenyewe itawaka tu.”

Jamani. Wiki zote zile nilipokuwa natazama kile kitaa kabla ya kulala, na kumwambia mama asiwe na wasiwasi, TV ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya kawaida isiyo na kinga yoyote. Na boksi limeandika kwa herufi kubwa kwamba taa ikiwaka umelindwa. Mtu alikaa mahali, akachora kile kifaa, akajua kabisa anaunganisha ile taa na nini, kisha akaandika yale maneno. Kidonge kufa ni maumbile yake. Taa kudanganya ni uamuzi wa mtu.

Nikakiweka kwenye mfuko na vipande vyake, nikapanda gari kwenda Kariakoo.

Kijana niliyemkuta dukani ni yuleyule aliyeniuzia. Umri wake ni wa mwanangu wa pili. Shikamoo hakunipa, nikasema labda hajaniona, duka lina watu. Nikamsalimia mimi, nikamweleza taratibu. Hakugusa vile vipande. Akachukua kisoketi kingine kama changu rafuni, akakichomeka, kitaa kikawaka, akanigeukia:

“Mama, taa inawaka, haiwaki?”

Nikamwambia inawaka, na hilo ndilo tatizo nililolileta.

“Inawaka. Basi ni nzima.”

Nikamwonyesha kidonge. Nikamwonyesha waya wa taa. Akaniuliza kama mimi ni injinia. Wateja wawili wakacheka. Nikamwuliza kama anacho chochote ambacho taa yake inazimika kinga ikifa, nitaongeza hela nichukue hicho. Akasema, na haya ni maneno yake: “Mama, kitu cha elfu ishirini ulitaka kikulinde na radi? Sogea basi nihudumie watu.” Kisha akanionyesha kibao ukutani, kile cha “bidhaa ikishauzwa hairudishwi,” kama mtu anayefunga kesi.

Sikwenda pale kudai TV. TV ningeisamehe. Nilikwenda kumpa taarifa kwamba anauza kitu kinachodanganya watu, ili angalau asimuuzie mwingine. Niliposimama pembeni kutafuta pumzi, alimuuzia mama mwenye mtoto mgongoni kisoketi kilekile, na alipomwuliza kama kinazuia umeme mkubwa, akamjibu, “Ukiona hiyo taa, lala usingizi.” Nilimfuata yule mama nje nikamweleza. Sijui kama alinielewa au aliniona nina ugomvi na duka.

Risiti niliyopewa siku ya kununua ni ya kuandika kwa mkono, wala si ya mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Wewe ukinunua, dai ya EFD hata kama atanuna, maana ndiyo ushahidi mzuri wa kushika ukienda Tume ya Ushindani, ambayo ipo kwa sheria ya mwaka 2003 na kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Kibao cha ukutani si sheria.

Sasa kuhusu kuchagua, maana najua wengi mnataka kujua mnunue nini, na mimi baada ya haya yote nimezunguka maduka mengi nikiuliza maswali mpaka wengine wakanichoka.

Anza na mguu wa tatu. Uguse. Kama ni plastiki, rudisha rafuni, usiulize hata bei. Halafu tazama kama kifaa kina fyuzi. Plagi zetu za miguu mitatu, za mtindo wa Kiingereza, zimetengenezwa ziwe na fyuzi ndani, isiyozidi ampia 13, yaani kama wati 3,000. Kisoketi changu hakikuwa nayo. Kina nafasi tatu za plagi, mtu anaweza kuchomeka pasi na birika la umeme kwa wakati mmoja akapita hapo bila kujua, na kitakachoyeyuka ni zile bati nyembamba za ndani. Fundi alinionyesha bati zenyewe. Nilizikunja kwa vidole.

Zile soketi za matundu yanayokubali plagi ya kila nchi, mimi nimeziacha kabisa. Zinavutia, najua, hasa kwa wanaoletewa vitu kutoka nje. Lakini nyingi hazina vijilango vya kuziba fezi, na nyumba yenye wajukuu wanaopenda kuchomeka chochote kwenye tundu siwezi kuiwekea kitu hicho.

USB nilikuwa nimeitaka sana, na sasa ndiyo nimeiwekea mashaka makubwa kuliko vyote. Ndani ya kifaa changu sehemu ya volti 230 na sehemu ya volti 5 inayokwenda kwenye simu zilikuwa zimekaribiana mno, njia za risasi ya kulehemu zinakaribia kugusana. Fundi alisema unyevu kidogo tu wa hapa pwani, au mende mmoja, na umeme wa ukutani unaweza kuvuka upande wa simu. Mtu anayeongea na simu ikiwa kwenye chaji. Nilimwomba asirudie mbele ya mama. Siku hizi tunachaji kwa chaja zilizokuja na simu zenyewe, hata kama ukuta unaonekana vibaya.

Na hili ndilo lililoniuma, kwa kuwa hakuna muuzaji hata mmoja aliyeniambia kabla: kidonge kinazuia mruko wa ghafla tu. Kuna balaa lingine, nyutro ikikatika huko nje kwenye nguzo, nyumba yako inaweza kupata volti zinazokaribia 400, na zinakaa, haziruki na kuondoka. Hapo kidonge hakina ubavu, kitaungua, na kama hakina fyuzi ya joto, ile inayokata kikipata moto sana, kinaweza kuwasha moto. Kwa balaa hilo unahitaji gadi, kile kifaa kinachopima umeme, kikiona umezidi au umepungua kinakata, na ukirudi kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Kwa friji gadi ni lazima. Kwa TV nimeona nayo ni bora zaidi, ila iwe ile ambayo boksi linasema ina kinga ya miruko pia.

Nimeinunua gadi ya namna hiyo, duka jingine, kwa mzee mmoja aliyenikalisha kwenye stuli na kunichomekea ile aliyoweka ya maonyesho. Kitaa chekundu kinasubiri, cha kijani kinaruhusu, na cha tatu ni cha kinga peke yake. Akaniambia, “Hiki kikizima, niletee.” Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya kile kisoketi. Haina USB. Nimelipa.

Sasa nikipe alama gani? Nilikaa nikaanza kuandika kwamba kile kisoketi kinastahili alama za kati, kwa sababu kidonge kilikufa kazini, na mtu asiye na hela ya gadi ni afadhali awe na kidonge kuliko kutokuwa na kitu. Nilikuwa nimeshaandika hivyo. Lakini kidonge ambacho hujui kama ni hai au kimekufa unakitegemeaje? Na ule mguu wa plastiki? Nimefuta. Sifuri. Duka ningelipa alama za chini ya hapo kama ingewezekana.

Jirani yangu bado anacho cha kwake ukutani, na friji mpya imechomekwa hapohapo. Jumamosi fundi anakwenda kukifungua, gharama nimesema ni yangu. Tukikuta ndani ni vilevile, tutakwenda dukani wawili, kisha ofisi za Tume, na vipande vyote viwili kwenye mfuko.