Mafundi wa pwani ya Nungwi na mashua yangu ya mashine ya ndani

Mimi ni mchuuzi wa samaki Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja. Mashua ninayoizungumzia ni yangu mwenyewe, ya mbao, urefu kama futi 30, yenye mashine ya ndani aina ya Yanmar 2GM20, silinda 2. Niliinunua kuukuu kwa mtu wa Tumbatu, na nahodha wake ni shemeji yangu, anayevulia upande wa kisiwa kidogo cha Mwana wa Mwana. Ilifika hadi mabaharia wanakesha kufua maji ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, badala ya kuvua. Wengi walinishauri niiuze ninunue faiba na mashine ya kupachika. Sikutaka. Mashine ya ndani inakula dizeli kidogo, na mashua ya mbao ikiharibika, fundi wake yuko hapahapa kisiwani. Tukaipeleka Nungwi.

Mafundi hawa hawana kibao wala ofisi. Wako ufukweni, vyombo vimeegemezwa kwa miti, mahoteli yamewabana huku na huku na wageni wanapita kupiga picha. Kupandisha chombo hungoja bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Bamvua kubwa kwetu, maji kujaa na maji kupwa hupishana karibu mita 4, na hiyo ndiyo nguvu inayokileta chombo juu. Zilizobaki ni kamba, magogo na migongo ya watu. Ukiikosa bamvua moja, unasubiri kama wiki 2 hadi nyingine. Chakula cha wavutaji ni juu yako na hakimo kwenye bei mliyopatana.

Kilichonifanya niwaamini ni jinsi fundi mkuu alivyoanza. Hakushika tezo, chombo chao cha kuchongea. Alichukua nyundo ndogo akazunguka mashua nzima, anagonga, anasikiliza, anachokoa kila penye weusi. Akamaliza, akaniita. "Mwanangu, mbao zako nyingi nzima. Misumari ndiyo iliyokufa."

Alinionyesha. Msumari wa chuma ukishaliwa na chumvi, kutu inauozesha ubao pembeni yake, tundu linapanuka, ubao unaanza kucheza. Kwenye chombo cha tanga ungeweza kuvumilia miaka. Kwenye chombo cha mashine, mtetemo hauupi ubao nafasi ya kutulia, na kalafati yoyote, yaani pamba ya kuziba nyufa za mbao, utakayoshindilia hapo itatoka. Mimi nilikuwa nimelipia kalafati mara kadhaa kwa watu wengine, na hakuna hata mmoja aliyeniambia hivyo.

Basi misumari ilitolewa, na mataruma, yaani mbavu za chombo, ya karibu na mashine yakabadilishwa kwa mti wa mtondoo. Walichagua matawi yaliyopinda yenyewe, wakalinganisha mpindo wa tawi na mpindo wa chombo, wakachonga kwa tezo. Taruma lililokatwa kutoka ubao ulionyooka lingepasuka pale mishipa ya mti inapokatika. Misumari mipya ilikuwa ya kupakwa zinki, na hakuna uliopigwa bila kutobolewa tundu kwanza kwa keekee, chombo cha kutobolea. Chini ya kichwa cha kila msumari kijana alizungusha pamba iliyolowa mafuta, ili maji yasipate njia. Ncha ikitokea ndani inakunjwa, inarudishwa kwenye mti. Nilikaa kuangalia kazi hii asubuhi nzima nikasahau kuwa nimeacha ndoo zangu za samaki kwa mtu.

Kalafati yenyewe ni kazi ya mzee mmoja tu pale, wengine wanamsaidia kusokota pamba. Anaishindilia kwa chembeu, kama patasi, na nyundo, na sikio lake ndilo linalomwambia lini inatosha. Nilimhimiza aikaze zaidi, kwa sababu nimechoka na maji. Akakataa. Alisema mbao zimekaa juani, zimesinyaa. Zikirudi majini zitavimba, na pamba iliyokazwa kupita kiasi itazisukuma mbao ziachane na mataruma. Chombo kitavuja siku za kwanza, akasema, kisha kitajifunga chenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Mwenye mashua ya mbao asiyejua hili anaweza kumgombeza fundi bure siku ya kushua.

Kabla ya deheni chombo huchomwa kwa mienge ya makuti makavu upande wa chini, kuua wadudu wanaotoboa mbao. Hapa niwasifu sana: hawakuwasha hata kiberiti mpaka tangi la dizeli limetolewa, ngama imeoshwa kwa sabuni na matambara yenye mafuta yamechukuliwa mbali. Kisha ikapakwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Inanuka, ndiyo. Lakini ni rahisi, na inapobanduka inabanduka pamoja na mwani na makombe yaliyoshika. Rangi ya dukani ya kuzuia mwani hukaa muda mrefu zaidi kwa mwenye uwezo wa kuinunua.

Sasa mashine, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi za wenye boti zinapopotelea. Zamani karakana moja ya mjini iliifunga mashine yangu mashua ikiwa nchi kavu, wakakaza bolti zote, wakachukua pesa yao. Tangu siku hiyo shafti, chuma kinachozungusha panga la mashua, ilikuwa inapiga kelele, pakini inayozuia maji pale shafti inapotokea nje inaungua, bushi zinaisha, na kila nikirudi naambiwa ninunue bushi nyingine. Wa Nungwi waliniambia jambo ambalo kila mwenye mashine ya ndani alijue: chombo cha mbao kikiwa juu ya magogo kina umbo moja, kikielea kina umbo jingine. Shafti iliyonyooka pwani inaweza kuwa imepinda majini. Kwa hiyo walifunga mashine kwa muda tu, wakashua, wakaacha mbao zivimbe, halafu fundi mashine akaja na fila geji, kipimo cha mianya myembamba.

Alitenganisha kapulingi, visahani vya maungio, ya mashine na ya shafti, akapima mwanya juu, chini, kushoto na kulia. Kipimo chake ni sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi ya upana wa kapulingi; yangu ni ya inchi 4, basi tofauti isizidi sehemu 4 za elfu ya inchi, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Alilegeza miguu ya mashine, akaweka vipande vyembamba vya bati, akapima tena, akarudia hadi nikachoka mimi niliyekaa tu. Mashine ilipowashwa, kelele haikuwepo. Akalegeza pakini kidogo mpaka maji yakawa yanadondoka tone moja moja, akamwambia shemeji asithubutu kuikaza ikauke, kwani matone hayo ndiyo yanayoipoza shafti.

Mashine hii hupozwa kwa maji ya bahari yanayopita ndani yake moja kwa moja. Zinki zake za ndani, zinazoliwa na chumvi badala ya mashine yenyewe, zilikuwa zimekwisha kabisa, na thamostati, kifaa cha kuongoza joto la maji, mtu alishaing'oa. Wakarudisha ya aina yake, inayofunguka kwenye nyuzi 42, maana maji ya chumvi yakipata moto sana chumvi inaganda kwenye njia zake. Impela ya pampu ya maji ikawekwa mpya, nozeli za kunyunyizia dizeli zikasafishwa. Spea nilinunua mimi mwenyewe mjini na nakushauri ufanye hivyo.

Malalamiko ninayo. "Kesho" ya fundi wa chombo si kesho ya mchuuzi. Kazi ilisimama wakati mbao za mvule zilipochelewa kutoka bara, na hakuna aliyenipigia simu; nilifika nikakuta mashua wazi juani, haina hata kipande cha turubai. Bei ya mbao waliitaja baada ya kuanza, nayo ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya fedha kuliko ufundi wote. Na risiti usiitegemee. Mimi nilinunua daftari, kila malipo nikayaandika, fundi mkuu akatia saini, na hakuona vibaya. Kama unataka kazi yenye tarehe, pana watengenezaji wa faiba, nenda huko.

Kwa mbao nawapa nyota 5, kwa mashine 5, kwa muda na hesabu 2. Ukienda, patana kwa kazi nzima, si kwa siku, na uliza bei ya mbao na ya chakula kabla chombo hakijatoka majini. Bakisha malipo ya mwisho hadi shafti ipimwe mashua ikielea. Nilipowatajia sharti hilo hawakubishana nami hata kidogo.