Ripiti gani ununue kama unaunga alumini nyembamba na hutaki kichwa kikwame

Mwaka jana nilijitengenezea kabati dogo la zana, bati la alumini la milimita 1, droo tatu, nikapiga ripiti (vijimsumari vya kuungia bati) za unene wa milimita 4.8 kila kona kwa sababu ndo nilizokuwa nazo nyumbani. Droo ya kwanza ikaingia nusu ikagoma. Pembeni nilikuwa nimeacha nafasi ya milimita 2, na kichwa cha 4.8 peke yake kinaweza kuimaliza yote. Nikazitoboa zote zitoke nikaanza upya.

Sa hivi namba moja kwangu ni ripiti ya kuvuta ya 3.2, ile inayokazwa kwa kuvuta pini yake na bunduki ya ripiti, wauzaji wanaita 1/8 (ya inchi), tundu lake biti ya 3.3. Kichwa ni cha milimita moja na kitu kidogo. Lakini jamani angalieni mkia, maana ripiti ikishavutwa inaacha kinundu upande wa nyuma ambacho mara nyingi ni kirefu kuliko kichwa, watu wanazunguka maduka mazima kutafuta kichwa kifupi kumbe kinachokwaruza ni kile cha nyuma. Kwa hiyo kichwa kikae upande unaoteleza, mkia ubaki kule kusikogusana na kitu. Kwa bati mbili za milimita 1 chukua 3.2 kwa 6 (unene kwa urefu), ndefu zaidi ya hapo unajiongezea mkia tu. Afu nenda dukani na sumaku: nyingi za bei rahisi mwili ni alumini ila pini ni chuma, na kipande cha pini kinabakia ndani, ukiwa Tanga au Mombasa na ile hewa ya chumvi utaanza kuona michirizi ya kutu. Pini ikinasa sumaku, ulizia za alumini tupu.

Kama pande zote mbili zinatakiwa ziwe fupi, basi ripiti ya kugonga kwa nyundo, kichwa bapa. Ni nafuu na inashika vizuri, shida yake lazima ufike nyuma na uwe na mtu wa kushikilia chuma kizito huku unagonga.

Ya tatu, bolti ya M3 (unene milimita 3) yenye kichwa cha mviringo, hasa kama utakuja kufungua. Kichwa chake kimo ni milimita 1.65, wakati ile ya kichwa kirefu cha elenki (ufunguo wa pembe sita) ni 3 kamili, ukiwa haraka dukani unaweza kupewa hiyo.

Tepu ya povu ya pande mbili kama VHB naipenda kwa vibao na urembo, haina kichwa kabisa, ila safisha kwa spiriti na uiache siku tatu ndo ishike kikamilifu. Kitu cha kubeba uzito sikiweki hapo.

Ya mwisho kabisa ni skrubu ya kichwa cha kuzama, japo wengi ndo wanaikimbilia. Kichwa cha M3 kinataka kuzama kama 1.7, bati lako ni 1, ukilichimba tundu linapanuka mpaka ukingo unakuwa kama wembe na skrubu inacheza.