Unga wa kumlisha simbilisi aliyegoma kula: pakiti moja, siku tisa

Kwetu Makete, kusini mwa Tanzania, simbilisi (kale kanyama kadogo ka jamii ya panya, Waingereza wanakaita guinea pig) hukaa jikoni, karibu na mafiga, anakula maganda na majani tunayomtupia, na siku ikifika anakuwa mboga. Hapa Coventry, Uingereza, simbilisi wa binti yangu Neema ana jina, ana nyumba ya ghorofa moja, na tangu mwezi uliopita ana faili kwa daktari. Anaitwa Kande.

Jumamosi moja asubuhi Neema alisema, "Mama, Kande hajalia." Anayefuga anaelewa: ukifungua friji tu, simbilisi anapiga yowe akidhani pilipili hoho imefika. Siku hiyo friji ilifunguliwa mara tatu, kimya. Nyasi zake kavu zilikuwa vilevile kama jana usiku. Kinyesi kilikuwa kidogo, kikavu, kama punje za mtama. Nikamweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 930. Jumapili iliyotangulia alikuwa 1,040.

Kliniki ya kwanza niliyopiga simu waliniambia nimlete Jumatatu. Nilikaribia kukubali. Baba Neema ndiye aliyekataa. Utumbo wa simbilisi unatakiwa uwe na kitu ndani muda wote. Akikaa bila kula hata siku moja unaanza kusimama, gesi inajaa, na yeye hawezi kutapika. Tukatafuta kliniki nyingine inayopokea wanyama wadogo, saa tisa alasiri tukawa tumeonwa. Daktari alimulika mdomoni: magego ya chini yalikuwa yameota ncha zinazochoma ulimi. Meno ya simbilisi hayaachi kukua maisha yake yote. Akapewa dawa ya maumivu, Jumatatu akalazwa usingizi yakakatwa, na sisi tukarudi nyumbani na huu unga.

Sasa niuseme wenyewe. Chapa sitaitaja, ziko kadhaa na kazi ni moja. Ni unga wa kijani wa nyasi zilizosagwa, unanukia anisi, na nyumba nzima ilinukia hivyo wiki nzima. Wetu ulichanganywa kipimo kimoja cha unga kwa viwili vya maji ya uvuguvugu, unaacha dakika chache uvimbe. Mara ya kwanza niliukoroga kama uji wa mtoto. Ukakwama kwenye bomba la sindano, nikasukuma kwa nguvu, ukatoka wote kwa mpigo mmoja, na pazia la sebuleni mpaka leo lina doa. Nikataka kuuchuja. Daktari akasema nisijaribu, hizo nyuzinyuzi ndizo zinazosukuma utumbo. Kilichosaidia ni kukata ncha ya bomba la mililita 1 na kulilainisha kwa tupa ya kucha. Hilo wangeandika kwenye pakiti, hawakuandika.

Kulisha kwenyewe ni mazoezi. Nilimfunga Kande kwenye khanga kuukuu, kichwa tu nje, bomba nikaliingiza kwa pembeni, nyuma ya meno ya mbele. Nusu mililita, unasubiri atafune ameze, ndipo nyingine. Ukimmiminia moja kwa moja kooni unaweza kupeleka uji kwenye mapafu. Kila baada ya saa nne, na usiku pia. Zamu ya saa nane usiku ilikuwa ya Baba Neema, ambaye mwaka jana aliapa kwamba panya haingii nyumbani kwake.

Nilichopenda zaidi ni kwamba vitamini C imo humohumo. Simbilisi, kama sisi, haitengenezi mwilini mwake, na asipokula inamwishia upesi. Lakini uji uliobaki haudumu. Sisi tuliuweka kwenye friji na kuumwaga kesho yake. Pakiti nayo haifungiki vizuri, nimeishia kuibana kwa kibanio cha nguo.

Mwenzangu mmoja wa kanisani alinihurumia akaniletea amoksilini iliyobaki ya mwanawe. Nilimshukuru, nikaiacha mezani. Daktari alishanionya kwamba dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni zinaua bakteria wazuri wa utumbo wa simbilisi, na mara nyingi zinamwua na yeye.

Bei? Pakiti ndogo ilizidi bei tuliyomnunulia Kande mwenyewe, na gharama za meno sizisemi, mama yangu anaweza kusoma hapa. Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye pazia. Na mtu asije akanunua huu unga akadhani ndio tiba: ulimshikilia asife wakati meno yanashughulikiwa, basi. Bila daktari ningekuwa namlisha mpaka leo na ncha ziko palepale.

Siku ya tano alivuta jani la giligilani mkononi mwa Neema. Siku ya tisa nilifungua friji kutafuta maziwa, nikasikia yowe.

Jioni nikampigia mama Makete kumpa habari njema.

"Kwa hiyo sasa anakula?"

"Anakula, mama. Amefika gramu 1,010."

"Haya, amenenepa," akasema. "Mnamchinja lini?"