TAHADHARI: Muuza "almasi za Mwadui" anayezunguka Ngamiani

Jamani watu wa Tanga, hasa wenye harusi mwezi huu: kuna kijana mtanashati anapita Ngamiani na Chumbageni na kibegi cheusi, anauza pete za "almasi halisi ya Mwadui" (ule mgodi wa Shinyanga) kwa laki sita. Anasema mjomba wake alikuwa mchimbaji. Mimi ni sonara, na pete zake zimekuwa zikiletwa mezani kwangu na watu waliokwisha kulipa. Sijaona hata moja yenye almasi.

Mchezo wake uko hivi. Anaomba mfunge pazia na mzime taa, anawasha tochi ya simu, anaizungusha pete taratibu. Ukutani na viganjani vinatapakaa vidoa vyekundu, vya buluu, vya kijani. "Dada, umeziona rangi? Feki haitoi hizi." Hapo ndipo watu wanapotuma pesa.

Sasa sikilizeni, maana rangi hizo ndizo zinazomuumbua. Mwanga mweupe ukiingia kwenye jiwe unapinda, na kila rangi inapinda kwa kiasi chake, zambarau zaidi ya nyekundu, ndiyo maana zikitoka zimeachana. Kipimo cha mtawanyiko huo kwa almasi ni 0.044. Zirkonia, jiwe la kiwandani la bei poa, ni 0.060. Moisanaiti, jiwe jingine la kiwandani, ni 0.104, zaidi ya mara mbili ya almasi! Jiwe linalomwaga rangi kama taa za disko ndilo la kutilia shaka kwanza. Na kwenye giza, chini ya tochi moja, jiwe lolote lililokatwa vizuri litakupendeza. Mwambie mtoke nje kivulini mchana muitazame huko. Waliokwisha kununua huniambia kila mara kwamba muuzaji "alikuwa na haraka".

Sifa kubwa ya almasi ni mng'ao mweupe. Inapinda mwanga kwa nguvu (kipimo chake cha kupinda ni 2.42, wakati kioo cha kawaida ni 1.5 hivi), na mwanga uliokwisha kuingia ukigonga uso wa chini kwa mshazari mkubwa hauwezi kupenya, unarudishwa ndani. Mkataji akizipatia pembe za zile nyuso 57 au 58, mwanga unarudi juu hadi machoni mwako. Akizikosea, unavujia chini na jiwe linapooza katikati. Hesabu za pembe hizo Marcel Tolkowsky, mhandisi wa familia ya wakataji almasi, alizichapisha mwaka 1919, wala si siri ya mjomba wa mtu.

Na huyo mjomba mwenyewe! Almasi hutoka ardhini ikiwa ghafi, haina nyuso za kumetameta. Iliyokatwa na kusuguliwa hivyo imepita kwa fundi na inatakiwa iwe na karatasi zake. Yeye hana hata risiti.

Baadhi ya pete zake zimezibwa nyuma. Nilipoing'oa moja nikakuta kipande cha kioo kilichopakwa rangi ya fedha kwa chini, kazi yake kurudisha mwanga ambao kioo chenyewe kingeuachia upite. Pete ya almasi mara nyingi huachwa wazi kwa nyuma, ikizibwa uliza kwa nini.

Msidanganyike na kile kikalamu chake kinacholia pii. Kinapima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Zirkonia inakwama hapo, lakini moisanaiti inapita na kukiliza kama almasi. Sonara mwenye lenzi ya mara 10 ataliinamisha jiwe kidogo na kutazama kingo za nyuma kupitia juu: za moisanaiti zinaonekana mbilimbili, za almasi hazigawanyiki.

Kuna bwana mmoja aliuziwa jiwe peke yake bila pete, akaambiwa ni "karati 1.7, zawadi". Upana wake milimita 6.5. Almasi ya duara ya upana huo ina karati 1 tu, yaani gramu 0.2. Zirkonia ni nzito zaidi, ya upana huo ndiyo hufikia karati 1.7, hivyo uzito wenyewe ukamuumbua muuzaji.

Mwulizeni leseni ya udalali wa madini na kitambulisho kabla ya kutoa hata mia. Namba yake ya simu anaibadilisha, hivyo haina faida kuiweka hapa. Mliokwisha kununua, msiiuze kwa mwingine. Chukueni pete, ujumbe wa muamala na jina lililotokea wakati wa kutuma pesa, mpeleke polisi.